Dada, Ile Simu Sikuinunua

Dada Anjelina,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha pembeni ya njia ya kupanda Rhotia. Wageni nimeshawashusha loji. Ningekuwa nimefika nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe sijisikii kufika. Ile simu sikuinunua. Nilidhani nikishaamua nitapata nafuu. Sijaipata.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe ulikuwa hupendi mtu aanzie katikati.

Siku ile tulikuwa tunapura maharage ya ngwara uani kwako. Ukasema kifua kinabana, ukaomba ujilaze kidogo barazani. Ukatuambia tusisimamishe kazi kwa ajili yako, mawingu yanakuja. Tukaendelea kupiga. Shemeji Boay ndiye aliyekwenda kukuamsha unywe chai. Sisi tulisikia tu sauti yake ikikuita, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili si taratibu.

Katekista alipouliza picha ya kuweka kwenye msalaba wa kaburi lako, binti yako Neema akatafuta kwenye simu yake, shemeji naye kwenye yake, halafu wote wakanigeukia mimi. "Mjomba ndiye mwenye picha," wakasema. Ni kweli, ninazo. Kazi yangu ni kuwateremsha watalii kreta kutazama wanyama na kuwapandisha, na kila siku lazima nipige. Nina simba amelala chali. Nina korongo, nina nyati mwenye matope mpaka kwenye kope. Nina wazee wa Ulaya wamekumbatiana, majina yao siyajui. Yako nilikuwa na moja.

Si kwamba sikujaribu. Nikiinua simu ulikuwa unasema, "Ngoja kwanza nivae, Ema," unaingia ndani, na hutoki mpaka nimeondoka. Sote tulijua si nguo. Ni meno. Maji ya huku yametupaka rangi ya kahawia wote tuliozaliwa huku, lakini wewe yalikukalia vibaya zaidi, na tangu ulipokwenda kufanya kazi za ndani Moshi na watoto wa ile nyumba wakakucheka, hukucheka tena bila kuziba mdomo. Mimi ulinilea, Dada. Baba na mama walipoondoka nilikuwa sijaanza shule. Meno yale ndiyo niliyoyaona kila asubuhi. Sikujua kama ni mabaya mpaka uliponifundisha kuyaficha.

Hiyo picha moja niliipiga jikoni kwako. Yule nguruwe mdogo aliingia akapindua sufuria ya makande, ukacheka ghafla, mkono ukawa unakwenda mdomoni, haujafika. Moshi umejaa, mwanga wa mlango uko nyuma yako, na simu yangu hii kuukuu ilishindwa. Ukungu mtupu. Mtu anakujua kwa shingo tu, na kwa namna bega lako la kushoto linavyoshuka. Walipoisafisha kwa ajili ya msalaba ilitoka kama mtu anayeonekana nyuma ya kioo chenye mvua. Masika yakaimalizia.

Mwaka wako ulipokaribia kutimia, shemeji akasema kaburi lijengewe, liwekwe vigae, na picha yako ichorwe kwenye marumaru. Fundi wa pale mjini akaitazama ile yangu, akanirudishia simu. "Hii haichoreki, kaka. Lete inayoonekana."

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza habari ya simu mpya.

Kazini nilikuwa naiwaza pia, nisikufiche. Lohay, yule dereva mwenzangu uliyempa mbegu za maharage, alishanunua. Siku moja tulisimamisha magari pamoja chini kreta, kuna faru mbali kabisa upande wa msitu. Kwenye simu yangu alitokea kama jiwe la kijivu. Lohay akaelekeza ya kwake, akavuta, na tukaona masikio. Wageni wangu wakaniacha, wakabanana kwenye dirisha la upande wake. Akavuta zaidi, tukaona hata mikunjo ya ngozi, halafu akacheka akaniambia kwa Kiiraqw ili wageni wasielewe: "Ukiivuta sana, inaanza kujitungia." Nilimsikia. Lakini nilimsikia kama mtu asiyetaka kusikia.

Basi nikaenda dukani, Neema akanisindikiza, alikuwa likizo kutoka chuoni. Binti wa dukani ni mstaarabu, hana haraka na mtu. Akanieleza yote: inavyoona gizani, inavyovuta vya mbali, inavyotuliza mkono unaotetemeka. Mimi nikamuuliza neno moja tu. Na picha ambayo ilishapigwa zamani, je?

"Nitumie," akasema.

Nikamtumia. Akabonyeza. Kikaduara kikazunguka, kikazunguka. Halafu ukaja.

Dada, ukaja. Macho yako, yenye ule wekundu wa moshi. Paji. Hata kitenge kilirudisha maua yake. Nilishika meza ya kioo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, kumbe ulikuwa humo muda wote, ni mimi tu niliyekuwa na chombo kibovu.

Kisha nikaona meno. Meupe. Yamepangwa sawasawa, kama ya mtu wa kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Na mkono wako haupo. Ule mkono uliokuwa unapanda, simu iliudhani ni nguo, ikaugeuza pindo la kitenge. Umekaa pale unacheka waziwazi mbele ya watu, hujaziba kitu.

Nikamwambia yule binti, "Meno haya si yake."

"Pale palikuwa hapaonekani, kaka. Imejaza."

Imejaza. Kama wanavyojaza shimo barabarani. Akaniona ninavyoitazama, akanihurumia. "Nikuwekee ya kahawia?" Akafungua rangi kwenye kioo, zimejipanga kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, akangoja nimwonyeshe ipi. Alikuwa anasaidia, simlaumu. Lakini nilisimama pale nikatazama zile rangi, na sikuijua ya kwako. Mimi niliyelelewa na wewe. Nilikuwa na uhakika nikiiona nitaitambua, nikazitazama zote, kila moja ikawa kama ndiyo na kama siyo.

Nilitaka kumwambia aifute. Neema alikuwa nyuma yangu. "Mjomba, ni mama!" Akaichukua ile simu mkononi mwa yule binti akakibusu kioo, analia na kucheka, na kabla sijamzuia alishamtumia baba yake.

Jioni shemeji aliniita nyuma ya banda la nguruwe. Alikuwa ameitazama muda mrefu, najua, maana macho yake yalikuwa hayakai. Nilimngoja aseme kwamba si wewe. Yeye ndiye aliyelala ubavuni mwako miaka yote. Akasema, "Angejiona hivi, Ema, angefurahi sana."

Na ni kweli. Kama ungeulizwa wewe uchague, ungechagua hiyo.

Basi ndiyo iliyopo kaburini. Padri ameshainyunyizia maji ya baraka. Baada ya misa akina mama wa kigango walipita mmoja mmoja, wakiigusa kwa vidole. Yule mama Josefina, uliyekuwa unateka naye maji, alisimama mbele yake akatikisa kichwa: "Alikuwa mzuri, jamani. Alikuwa na meno mazuri." Dada, mama Josefina! Nilimtazama usoni nikidhani ananikonyeza. Hakuwa anakonyeza. Alikuwa ameshaamini.

Na baya lililonipata ni hili. Sasa nikifumba macho unanijia na yale meno. Nafungua ile picha ya jikoni ili nikupate, natazama ule ukungu mpaka macho yanauma, na ukungu hauna nguvu ya kushindana na sura kamili. Sauti yako bado ninayo. Uzito wa kofi lako ninao. Uso umekwenda, na mimi ndiye niliyeupeleka dukani kwa mikono yangu.

Leo mchana nilirudi pale dukani, ili nimalize habari ya simu. Binti akaweka simu zote mbili mezani, yangu na ile mpya, tukatoka mlangoni tukapiga kitu kimoja: mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara. Kwangu zilitoka ndizi zenye mtu nyuma yake. Kwa ile mpya nilihesabu nyuzi za kilemba chake. Sibishi, Dada, kamera ni bora, tena kwa mbali. Ningekuwa naulizwa na mgeni kama inafaa kubadilisha, ningemwambia badilisha. Lakini uzuri wake wote unaanzia siku unayoinunua kwenda mbele, na huko mbele wewe hupo. Nimpige nani? Simba nimeshapiga wa kutosha.

Nikamwambia nitafikiria. Akaifungia kwenye boksi lake polepole. Alijua.

Lohay anasema nitapoteza wageni. Labda. Sina nguvu ya kuliogopa hilo. Naamka, naendesha, nasema "tazameni kushoto, tazameni kulia," na jioni sikumbuki hata mnyama mmoja. Shemeji hapiki tena, anakula viazi vya kuchemsha akiwa amesimama. Shamba la juu halijalimwa. Sioni litalimwa na nani.

Jua limeshaingia nyuma ya msitu na baridi imeanza, itabidi niwashe gari. Lala, Dada. Kama huko uliko kuna watu, cheka nao unavyotaka.

Mimi nakuahidi jambo moja, ingawa silipendi. Neema ameiweka ile picha kwenye simu yake, anawaonyesha wenzake chuoni. Siku moja atazaa, atawaonyesha na wanawe. Akija kuniuliza, "Mjomba, mama alikuwa hivi kweli?" nitamjibu ndiyo. Nitamwambia alikuwa hivihivi, na sitaongeza neno.

Mdogo wako,
Ema