Watoto Sita, Wote Hai

Endasak,
26 Agosti 2022

Mdogo wangu Agripina,

Marahaba. Naitika kabla hujaniamkia, maana miaka kumi na minne bila shikamoo yako ni mingi. Hujambo? Watoto je? Huku tu wazima. Miguu inamsumbua mama, lakini mahindi anapukuchua mwenyewe. Baba sasa anaona kwa jicho moja.

Wiki iliyopita nilimkuta mumeo, shemeji Gidamis, mnadani Gehandu. Hatukumaliza salamu tukaanza kugombana kuhusu sensa. Alisema wanaume wa kwenu Hirbadaw wamekubaliana: karani akionekana, mnahama na ng'ombe hadi hesabu iishe, kwa kuwa serikali ikijua idadi ya mifugo itakuja kuipunguza. Nikamwuliza, malisho yenu yaliyolimwa na wageni yalichukuliwa kwa sababu mlihesabiwa, au kwa sababu kwenye karatasi za serikali yaliandikwa kuwa pori lisilo na mtu? Nikamwambia wanaogawa visima na madarasa hawazijui sura zenu ninyi Wabarbaig, wanajua idadi. Anayejificha asihesabiwe anawafanyia kazi wale wanaotaka asiwepo. Watu wakatuzunguka. Akajibu kwamba mwalimu kama mimi anapenda kuhesabu kwa sababu hana ng'ombe wa kuhesabiwa. Mnada mzima ulinicheka, na mimi nikacheka. Lakini sikumshinda.

Juzi karani alifika hapa nyumbani na kishikwambi chake. Anaitwa Verdiana, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba. Alimwuliza mama amezaa watoto wangapi. Nikafungua mdomo nijibu, kama unavyonijua. Mama akaniambia ninyamaze, kwani tumbo lililozaa si langu. Akasema sita. Walio hai? Sita. Wanaoishi kwingine? Akakutaja jina lako lote, akasema uko Hirbadaw kwa mumeo. Jina hilo halikuwahi kutajwa mbele ya baba tangu alipokufukuza kwa kuolewa na Mbarbaig. Baba alitazama chini. Hakupinga.

Mdogo wangu, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Katika sensa ya 2012 mama alikuwa kanisani, na maswali yake niliyajibu mimi, baba ameketi pembeni. Waliozaliwa? Nikasema sita. Walio hai? Nikamtazama baba usoni, nikasema watano. Karani aliandika, akanipa pole. Mimi ninayefoka kwenye kila mkutano kwamba mtu asifutwe, nilikuzika kwa neno moja, na pole nikaipokea. Hakuna anayejua ila baba, na sasa wewe.

Usidhani jibu la mama limelifuta langu. Yeye amehesabu uzazi wake. Wewe unahesabiwa pale unapolala, na zimebaki siku chache. Mkihama kabla karani hajafika, nitakuwa nilisema kweli mwaka ule. Shemeji akitaka kuondoka na ng'ombe, aende. Wewe baki na wanao, mtajwe mmoja mmoja. Ukinichukia baada ya hapo, nitakuwa nachukiwa na mtu aliye hai, nami nitashukuru.

Wasalimie watoto. Ningewataja kwa majina, lakini siyajui. Mama anasema uje hata kwa siku moja. Baba hajatuma salamu, ila ameniuliza mara mbili kama kijana wa bodaboda anayeleta barua hii atasubiri jibu.

Kaka yako,
Onesphory Akonaay