Kisanduku Cheusi cha Mama Ilunga

Nchelenge, Alhamisi, Oktoba 1999

Joto la leo halina adabu. Ziwa limetulia tuli, mvua bado inatutania, na kibanda changu cha redio kinanuka vitu viwili: chisense za jirani, wale samaki wadogo walioanikwa nje, na kitu kilichoungua.

Kilichoungua nimekiunguza mimi.

Juzi alikuja Mama Ilunga, muuza samaki aliyevuka ziwa na watoto wake kutoka ng'ambo, Kongo. Alitoa kwenye gunia la samaki kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni. Hakina jina, maana karatasi yake ilishabanduka zamani. Upande mmoja kina mdomo mrefu wenye meno ya shaba. Kinachomekwa nyuma ya kompyuta ya zamani ya marehemu mume wake, mwalimu, ile ambayo yote imo ndani ya kibodi na unaiunganisha na televisheni. Bila kisanduku hicho mashine inaikataa kaseti inayotunza maandishi yake. Na ndani ya kaseti mwalimu aliandika majina ya ukoo wake, vizazi saba, awaachie watoto. Wazee waliokuwa wakiyajua hawapo tena.

"Fundi, uangalie muzuri," aliniambia. "Batoto habana kitu ingine ya baba yabo."

Nikajitia ujuzi. "Mama, hii ni transfoma tu. Nitaiamsha."

Huku kwetu kila kitu kinakula batri ya gari: redio, taa, hata kinanda cha kanisani. Kila kisanduku cheusi ninacholetewa ni cha umeme, kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Leo asubuhi nimebana nyaya za batri kwenye yale meno. Moshi ukatoka hapo hapo.

Ndipo nikakifungua. Ningekifungua kwanza!

Ndani hamna hata koili moja ya waya, kama ya transfoma. Kuna vidude vinane vyeusi vyenye miguu, vimepangwa safu moja, vyote namba ile ile. Nikakumbuka enzi za kibarua changu kwenye karakana ya mgodi, kule Kitwe. Fundi mkuu alitufundisha kwamba ukikuta vinane vinavyofanana, hiyo ni kumbukumbu ya kompyuta. Kumbe ni nafasi ya ziada, kwa sababu mashine yenyewe ni ndogo mno, ukoo mzima hauenei.

Nakiri: nilifikiria kusema kilifika kikiwa kimekufa. Nchelenge nzima nani angenibishia?

Mchana Mama Ilunga akaja. Nikamweleza yote, na machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Alikigeuza kisanduku mkononi. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Fundi, acha kulia. Bwana yangu naye aliunguzaka mbili, na batri vilevile. Ya tatu njo ilikubali. Nilibebaka zote tatu, sababu sikujua ile muzima ni gani. Hii nilikamata tu ya juu."

Saa kumi amerudi na vile visanduku viwili vingine, na mashine yenyewe. Sasa viko vitatu mezani, vinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Sijui kama nimeunguza kilichokwisha kuungua, au nimeua kizima. Yeye hakuuliza. Mimi ndiye ninayejiuliza tangu saa ile.

Kesho nitavifungua vyote. Nitanusa, nitalinganisha namba, nitahamisha kidude kimoja kimoja mpaka nipate vinane vilivyo hai, kama vipo. Nitaazima televisheni ya katekista. Nitakwenda polepole safari hii.

Batri nimeitoa kibandani, nimemwachia jirani na samaki wake.

Nilidhani baada ya moshi ule Mama Ilunga angenipokonya kila kitu, na ningemwelewa. Lakini alipoaga alifungua fundo la kitenge chake, akaweka mezani kitu kimoja zaidi.

Ameniachia kaseti.