Papai na Nanasi ni Ndugu

Jumamosi, mwezi wa nane, 1998. Joto la leo halina adabu, na ziwa limekataa kutuma hata kaupepo. Mimi nilisoma darasa mbili tu, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Leo wakwe walikuja kuzungumza habari ya Akinyi, binti yangu. Mtu mwingine angewachinjia kuku. Mimi nilichinja ng'ombe wangu wa plau, mzee kama shamba lenyewe. Watu wakasema hiyo nyama itakuwa tairi. Nikawaambia nimepikia kambi ya reli miaka kumi na minane, nyama haijawahi kunishinda.

Siri yangu ni papai bichi. Unapaka maji yake meupe kwa nyama, inalegea yenyewe.

Akinyi anafanya kazi maabara. Jana alikuja na karatasi alizotoa kwa kompyuta ya huko. Anasema wanasayansi wameweka humo orodha ya vimeng'enya vinavyokata protini, yaani vile vitu vidogo vinavyolegeza nyama, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuisoma. Kila kimoja kina familia yake, na familia zina koo.

Nilicheka. Kazi ya koo si ni yetu? Nitajie mtu yeyote kutoka hapa mpaka Luanda Kotieno, nitakuambia ni wapi hawezi kuoa.

Papai limo. Tena familia nzima inaitwa kwa jina lake. Nilisikia kama ni mimi nimeandikwa.

Halafu Akinyi akashusha kidole. Nanasi limo familia hiyo hiyo. "Baba, ukishaweka papai usiongeze nanasi. Hao ni ndugu, kazi yao ni moja."

Nikamwambia papai ni mti na nanasi linakaa chini kama kuku anayeatamia, undugu umetoka wapi? Kompyuta haijawahi kupika.

Leo asubuhi alipoenda soko la Kibuye kutafuta mchele, nilikamulia nyama mananasi matatu juu ya papai.

Wakwe wakachelewa. Nyama ikangoja kwa beseni mpaka saa nane. Kuipika, ikawa uji, mifupa imesimama katikati kama miti ya ua.

Mkwe mkubwa, Mzee Otieno, anajulikana. Chakula kikimuudhi anafunga koti na kwenda, na maneno ya ndoa yanaishia hapo. Akinyi alitazama sufuria, akanitazama mimi. Akachukua sinia, akaanza kupakua.

Hiyo ndiyo iliniuma.

Mzee Otieno akaonja. Akaongeza. Akaongeza tena.

"Jaduong', mzee mwenzangu," akaniambia, "tangu meno yaniache, leo ndiyo nimekula nyama kwa watu. Nani amepika?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Mimi kunyimwa sifa yangu! Lakini nikaona Akinyi amesimama mlangoni na sinia, macho kwa huyo mzee.

"Ni huyu binti yako," nikasema.

Akacheka, akasema tuzungumze ng'ombe wa mahari.

Kwa hivyo naandika hapa, mahali hakuna wa kunibishia: nyama nilipika mimi. Na papai na nanasi ni ndugu, lakini hilo Akinyi hatalisikia kwa mdomo wangu.