Katuni za Huyo Byron

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Bado niko na plasta. Mguu unawasha na siwezi kuukuna. Nimekaa kwa sofa kutwa kama mgeni kwa nyumba yangu mwenyewe.

Jioni binti yangu Debra ametoka kazini na flash iliyojaa katuni za Kijapani. Imetoka kwa Byron — yule Mjaluo wa Bondo anayetengeneza laptop mjini, yule anayetaka kumuoa. Ana miaka thelathini na moja, na kwa begi amening'iniza kidoli cha msichana mwenye nywele za pinki! Nilishasema, mwanaume anayetazama katuni hajaachishwa ziwa. Debra hakubisha. Amesema tu Byron anaomba niziangalie kwanza, ndiyo nikimkataa nijue ninachokataa. Atakuja Jumapili ya tarehe kumi na nne kusikia jibu langu. Nikisema hapana, Debra haolewi naye. Ameapa hivyo, na mtoto huyo haapi ovyo.

Sawa. Nitaangalia. Nitamkataa na ushahidi.

Jumatano, 3 Septemba

Ya kwanza ni ya vita. Vita gani! Vijana wawili wanatakiwa kupigana, na hawapigani. Wananguruma. Nywele zinasimama, mawe yanapaa, mlima unapasuka — vipindi vitatu vimeisha na hakuna aliyeguswa hata sikio. Kwa muda huo, hapa Kibuye, mwizi angekuwa ameshikwa, amepigwa, na amefikishwa polisi. Na kabla ya kumpiga mwenzako lazima umweleze kwanza utakavyompiga! Nani hufanya hivyo? Nkt.

Maneno ya Kiingereza yanapita mbio pale chini. Nimesoma mpaka kichwa kimeuma.

Ijumaa, 5 Septemba

Mapishi. Shule nzima ya kupika, na walimu wanatembea na uso kama wa majaji. Mtu anaonja wali na yai, analia machozi, anaona malaika. Wali na yai! Hata chumvi sikumwona akitia. Huyo akipewa samaki ngege wa kukaanga, aliyetoka ziwani asubuhi hiyo, na ugali wa wimbi, si atazimia kabisa?

Jirani yangu Akello alikuja kunijulia hali, akakaa, tukacheka wote wawili mpaka mguu ukauma. Halafu akasema, lakini ule mchuzi wa kipindi cha nne unaonekana mtamu. Nikamwambia asiniharibie kesi.

Jumatatu, 8 Septemba

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kijana anagongwa na lori, anakufa. Anaamka nchi nyingine, ana upanga, na wasichana watano wanamgombania. Hana kazi. Hana adabu. Kuoga sijamwona akioga. Watano!

Nilimpigia Baba Debra huko kiwanda cha sukari Muhoroni nikamsimulia. Akasema kwao ukigongwa na lori ya miwa unaamkia mochari. Tulicheka sana. Kisha akashusha sauti, ile yake ya kubembeleza, akaniambia Byron alimfuata kiwandani mwezi uliopita na kumngojea getini mpaka shifti ikaisha. Ati ni kijana anayesikiza. Ati yeye amekubali, nimebaki mimi.

Nikakata simu. Kumbe nimezungukwa!

Alhamisi, 11 Septemba

Mapenzi ya shule. Vipindi kumi na viwili. Msichana anampenda mvulana, mvulana anampenda msichana, darasa lote linajua, mwalimu anajua, hata paka anajua. Hawasemi! Wanageuka wekundu tu na kutazama dirisha. Cha kumi na mbili ndiyo wanashikana mkono — muziki, maua yanaanguka, watu wanalia. Mkono tu! Nikamwambia Debra watu hawa wana kichaa, mkono ni kitu gani?

Debra akanitazama. "Mama, ni wewe unauliza mkono ni kitu gani?"

Alinishika hapo. Kwetu Bukusu mama hampi mkono mwanaume anayemuoa binti yake. Hakai naye meza moja. Akimwona mbele, anapinda njia. Ni heshima, na ni ya maisha yote. Baba Debra hakumgusa mama yangu mkono hata siku moja mpaka tukamzika. Unayemsalimia kwa mkono ni mtu baki, mtu wa kupita.

Hapo hapo nikapata jibu langu. Jumapili nitasimama mlangoni na magongo, nitampa Byron mkono, niukamate vizuri. Mjaluo wa mjini hajui mambo yetu, atafikiri nimempenda. Debra ndiye ataelewa. Nilimwambia hivyo wazi. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 13 Septemba

Imebaki ya mwisho. Polepole! Mama mmoja ana duka la samaki karibu na maji. Binti anaolewa mbali, mama anakataa kumuaga, anafunga duka na kukaa ndani kwa giza. Basi. Hiyo ndiyo hadithi. Dakika nzima wanaonyesha beseni. Kuna mtu alilipwa kuchora beseni!

Na huyo mama, mjinga. Samaki wanaoza kwa sababu ya kiburi chake. Nilimwambia hivyo kwa sauti, mimi na TV. Kisha binti amerudi, anabisha mlango wa duka, anaita — na kipindi kikaisha. Kimebaki kimoja. Sikiangalii. Macho yananiwasha, ni vumbi la plasta hii.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika chumbani. Nimejifungia. 

Debra bado yuko kanisani, kwaya wamebaki kufanya mazoezi. Byron amefika mapema. Amepiga hodi, nikafungua, akavua viatu mlangoni. Shati imepigwa pasi. Akaniuliza habari ya mguu, akanyoosha mkono, na mimi nikanyoosha wangu — hapana. Sikunyoosha. Mkono umekataa! Umeenda nyuma ya mgongo wenyewe, gongo likaanguka, nikajifunika uso na leso nikaruka kwa mguu mmoja mpaka huku kama kuku aliyekanyagwa.

Sikumpa mkono. Yaani nimemkubali. Mimi!

Yawa, na yeye hajui. Nimemsikia akiinama. Akaokota gongo, akaliegemeza ukutani. Sasa hivi ameongea na mlango: "Nimeelewa, Mama. Sitawasumbua tena."

Hajaelewa kitu! Na siwezi kutoka, nikitoka tutaonana uso kwa uso, na sasa ni mkwe. Debra hashiki simu. Nasikia Byron anavaa viatu. Kumwambia nimekukubali, hiyo hainitoki mdomoni, hata nikikatwa.

Kuongea kupitia mlango, sijui kama ni mwiko. Mama hakunifundisha habari ya milango.

Kiatu cha pili. Hatua zinaelekea nje.

Nimeita. Nimeita kwa nguvu mpaka pengine Akello amesikia. "Byron! Yule mama wa samaki — alimfungulia ama hakumfungulia?"



Viatu vimesimama.