Priampu Isiyojua Adhana

Twahir, samaki wa kupaka yuko jikoni. Mfunike, paka wamezidi. Niko Kibarani kwa mamako mdogo. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi baada ya isha.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza nilizima muziki wako kwenye swichi ya ukutani, kama nizimavyo tangu hujazaliwa. Spika ya marehemu babako ikapiga kishindo, ikafa, nawe ukanikemea mbele ya wageni.

Juzi nilikusikia ukimwambia dadako Widad kuwa sehemu ya kutolea sauti ya hiyo priampu, hicho kikuza sauti ulichokiunda, inataka relei, yaani swichi ya kukata sauti umeme unapozimwa ili spika isipige kishindo, ila utaiweka baadaye. Basi iweke. Nyumba hii huadhiniwa mara tano.

Kishindo cha spika nimeshakisamehe. Chako bado.

Mamako