Injini Yetu Inapiga Kelele Mno

Jumatatu, 8 Machi
Silensa ya tatu, bomba la kupunguza kelele, imepasuka. Dakika nne tu, weldi ikaachia. Tata Kalenga, fundi mwenzangu, amekasirika, mimi pia. Mabawa ya ndege yetu ya mfano, isiyobeba mtu, yanakaribia mita tatu, injini ni ya msumeno wa kukatia miti, na kelele zake zinafika mpaka hospitali. Mkuu wa cité, mtaa wetu wa wafanyakazi, amekataza tuirushe mpaka tupunguze sauti. Watu wa mtaa wa Musonoi wanadhani ni ndege ya jeshi, wanaingia chini ya vitanda. Siwalaumu.

Jumatano, 10 Machi
Karakana haikufunguliwa tena. Mgodi umekufa. Mafundi tunakaa ukutani.
Nimetoboa bomba jipya matundu madogo, nikalizungushia sufu ya chuma, nikalitia ndani ya mtungi mtupu wa kuzimia moto. Vyumba viwili badala ya kimoja. Moshi utoke umechoka. Kalenga atachomelea kesho. Yeye Mlunda, mimi Mluba wa Kasai. Miaka kumi na mmoja kwenye meza moja. Siku hizi lazima hata hilo nilifikirie.

Ijumaa, 12 Machi
Kalenga hakuja jana. Wala leo. Nimechomelea mwenyewe, vibaya.
Redioni wanasema tena sisi wa Kasai turudi kwetu. Mlango wa jirani yetu Mama Mbuyi, wa Kasai kama sisi, vijana wanaotufukuza wameuchora msalaba kwa makaa. Mke wangu Ngalula alikuwa anafunga sahani ndani ya shuka. Nikamkaripia azirudishe kabatini. Halafu nikaona haya.

Jumapili, 14 Machi
Misani hakuna aliyetupa mkono wa amani.
Nimewasha injini nyuma ya nyumba. Sauti ya bomba imeshuka sana, lakini ndege bado inavuma. Mwili wake ni mbao nyembamba, ndani mtupu, unatetemeka kama ngoma. Kumbe tulifunga injini moja kwa moja kwenye mbao. Makosa ya kitoto. Nimekata mpira wa tairi vipande vinne, nikaweka katikati. Nimebadilisha na helisi, panga la mbele linalozunguka, nimeweka ndefu zaidi, ili injini izunguke polepole.
Ngalula ameuliza faida yake nini. Mikono ikikaa bure naogopa.

Jumanne, 16 Machi
Kalenga amekuja saa nne asubuhi, amepita nyuma kwenye ua. Hakutaka kiti.
"Tata, kesho batakuya ku avenue yenu. Kamata mama na mutoto, muende ku gare ya treni leo."
Nikamuuliza amejuaje.
"Mi niko nabo. Nikikatala, banasema na mi niko Mukasai."
Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamwambia injini iko tayari. Nikaiwasha palepale uani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye uzio, sikio ameligeuza. Akarudi, akapunguza petroli kidogo kwa kucha ya kidole gumba, kama tulivyozoea. Ikanguruma chini kabisa. Tuliweza kuzungumza kando yake bila kupaza sauti.
"Iko muzuri," alisema. Akalia. Akatoka kwa njia ileile.
Haijaruka hata mara moja tangu iwe hivi. Haitaruka. Tunaondoka leo saa kumi jioni.

Alhamisi, 18 Machi
Kituo cha treni. Hakuna pa kuweka mguu.
Mama Mbuyi amefika bila viatu. Walifika jana kweli. Ndege waliitoa nje, wakasema ni ya kupigia mabomu. Kalenga akaambiwa aanze kuivunja. Alichukua nyundo, akaanza. Mama Mbuyi anasema watu wote walikuwa wanamtazama yeye, siyo ndege.
Namchukia. Ningekuwa yeye ningepiga pia. Namchukia hata hivyo.

Jumatatu, 29 Machi
Treni haijafika. Hakuna anayejua siku.
Mtoto mdogo wa Mama Mbuyi alizikwa juzi ng'ambo ya reli. Kuhara. Tulikuwa watu sita. Padri alikuwa na wengine wa kuzika, hakukaa.
Leo hakuna mvua. Ngalula anamsuka binti yetu nywele, taratibu, kwa kuwa hakuna kazi nyingine. Ameniuliza huko Kasai nyumba ya babu yangu iko upande gani wa mto. Nikasema sijui. Sisi wote wawili tulizaliwa hapahapa Kolwezi.
Akatikisa kichwa, akaendelea kusuka.