Sweta la Elia

Gungu, 4 Juni

Mama, shikamoo. Habari za Kagunga? Mama mdogo Selina anakusalimu. Mimi mzima, ila hesabu bado zinanipiga chenga. Naandika maana kwenye simu naishiwa maneno.

Shuleni amekuja msanii, dada Yunisi. Ameziba madirisha ya darasa na kutundika nyavu za dagaa. Kwa Kiingereza ni instalesheni. Sisi tunaita chumba cha kupapasa. Unafungwa kitambaa machoni, unaingia peku, unashika vitu vya watu vinavyoning'inia, unasema umekumbuka nini. Anayewaongoza wageni kwa mkono ni mimi. Mimi, ninayeona haya hata kuomba kwenda chooni!

Naomba sweta la kaka Elia, lile la bluu. Mama, sura yake imeanza kunitoka. Nimebaki na mluzi wake tu.

Mwanao,
Joanitha

Kagunga, 9 Juni

Mwana wanje, marahaba. Sisi wazima, dagaa tu ndio wameadimika.

Sweta sitoi. Tangu ziwa limchukue sijalifua, bado linanukia yeye. Kila mkono utaondoka na harufu kidogo, mimi nibaki na nyuzi? Halafu si la bluu, ni la kijani. Huyo Yunisi atundike la kwao.

Mama yako

Gungu, 14 Juni

Mama, shikamoo. Nimekuelewa, usinikasirikie.

Nimetundika kamba tupu. Mtu akiishika namuuliza, "Hapa palikuwa na nini?" Meshack wa darasa letu kasema, "Palikuwa na ugali, mmeshakula!" Wakacheka. Bibi mmoja kasema, "Mtu aliyechelewa kurudi."

Chumba tunakifunga Jumamosi ya tarehe 22.

Joanitha wako

Gungu, 23 Juni

Mama, shikamoo. Ulifika salama? Boti ilikuwahisha, hata chai hukunywa.

Jana nilipokushika mkono nilikujua papo hapo, kwa lile kovu la wavu. Nikakuongoza taratibu. Ukafika kwenye kamba. Nikauliza kama ninavyouliza wote.

Ulipiga mluzi. Ule ule wa Elia, wa kuniita nije kupokea ndoo. Kisha ukatoa sweta kwenye kitenge, ukalifunga mwenyewe.

Waliokufuata niliwaambia, "Mikono nyuma. Hapa mnanusa tu." Hata Meshack alitii.

Nalirudisha kwa boti ya kesho, halijaguswa. Nimelitazama juani, ni la kijani kweli. Lakini nikifumba macho, Elia anakuja amevaa la bluu, na sura anayo.

Mwanao,
Joanitha